Kit ya kufunga nzi wa kuvulia: eto nimeiweka, manyoya yake nimeyaacha, soko ya Kenya njo imenifundisha

Swali ni hili: kit ya wanaoanza inafaa kununua? Naanza na jibu lenyewe ju najua wengi mnasoma na megabaiti za kuhesabu. Ile kit ya wanaoanza kufunga nzi wa kuvulia, ile sanduku ya kadibodi yenye eto (chuma cha kushika ndoano wakati unafunga), vyombo vidogo na mifuko kumi na mbili ya manyoya na nyuzi, kama unaipata chini ya dola 40 nunua, lakini ujue kabisa kama unalipia eto na kishika-bobini, kile cha kushikia uzi wakati unafunga, basi. Ile mifuko kumi na mbili usiihesabie kitu. Mimi nimeitumia mwaka muzima hapa Lubumbashi, nimefunga nzi labda mia tatu, zaidi ya nusu nimezikata tena kwa wembe nipate kurudisha ndoano, na kile kimenifundisha kazi hakikuwa ndani ya sanduku, ilikuwa soko ya Kenya, nasema komini yetu ya Kenya siyo inchi ya Kenya, pamoja na glasi ya maji mezani.

Kwa wale hawajawahi kuona: nzi hapa siyo yule wa jikoni. Ni ndoano umeivalisha manyoya, uzi, sufu, waya, ifanane na mdudu ao kasamaki kadogo, na ju yenyewe haina uzito wa kutupa mbali, mshipi wake njo unakuwa mzito, mshipi unaruka na nzi anafuata. Wazungu wanavulia samaki wa maji ya baridi kwa njia hiyo lakini tilapia naye anakula wadudu, tena sana. Mimi navua tilapia kwenye mabwawa ya upande wa barabara ya Kasumbalesa, na mara mbili nimefika Kasenga kwenye Luapula, kule kuko manda, yule samaki mwenye meno kama misumari. Nzi za dukani hapa kwetu hakuna. Kuagiza moja moja ni dola mbili ao tatu kila nzi mbele hata ya kulipa usafiri, na manda anaikata kwa mara ya kwanza tu. Kwa hiyo kufunga mwenyewe haikuwa mchezo wa kupitisha wakati, ilikuwa njia moja tu ya kuendelea kuvua.

Kit ilitoka Afrika Kusini na mudogo wangu mwenye kuendesha lori, nililipa 38 na yeye nikamupa 5 ya bia. Jina la kampuni siliandiki, hata hivyo zinafanana zote, sanduku ile ile kila duka linabandika karatasi yake.

Eto kwanza. Hii ya kwangu inashika muzuri ndoano namba 8 na namba 10, kwa namba 14 inaanza kuteleza, unavuta uzi kiloko tu ndoano inainama kama mutu amesinzia. Kwa wasiojua namba: kadiri namba inapanda ndoano inakuwa ndogo, 14 ni ndogo kuliko 8, halafu ukishuka ukipita 1 unaingia 1/0, 2/0, hapo ndoano inazidi kukua. Kwa 2/0 ya manda midomo ya eto haifunguki ya kutosha, nililazimika kupeleka kwa fundi wa vyuma Katuba akapiga tupa ndani ya midomo, akaacha kamufereji kadogo, dakika kumi tu, franka elfu tatu, na tangu hapo inashika ndogo na kubwa. Tena ile skrubu ya kubana mezani inafunguka sentimeta tatu tu, meza yangu ni mbao ya sentimeta nne, nikapiga kipande cha mbao nyembamba pembeni kwa misumari. Sasa hivi sina malalamiko. Eto ni ya kazi na naamini itakaa miaka.

Kishika-bobini kiko sawa, lakini angalia mdomo wa bomba lake. Wangu ulikuwa na ukali ndani, ulikuwa unakata uzi kila dakika tano na mimi nilidhani ni mkono wangu unavuta sana, wiki mbili nilikuwa najilaumu bure. Siku moja nikapitisha kipande cha pamba ndani ya bomba, kikatoka kimeshikwa nyuzi nyuzi, njo nikaelewa. Nilisugua kwa kamba yenye dawa ya meno nikiivuta huku na huku mpaka pamba ikapita safi. Makasi haifai, ncha hazikutani. Chukua makasi ya kukata kucha za mtoto, zile ncha nyembamba. Pensi ya kushikia manyoya iko na nguvu kidogo kupita kiasi lakini inasaidia.

Sasa mifuko. Hapa njo nataka kusema kwa urefu ju hapa njo watu wanakata tamaa, wanafunga nzi tatu mbaya wanafikiri hawana kipaji, kumbe walipewa vitu vya kushindwa navyo.

Ile siku ya kwanza nilifunga nzi ya mkia wa manyoya laini, mezani ilikuwa nzuri mpaka nikaita watoto waione. Mke wangu akaitia kwenye glasi ya maji aliyokuwa anakunywa, akasema, "Papa watoto, sasa ameenda wapi?" Kweli, ule mkia wote mnene ulikuwa umekuwa uzi mmoja mweusi umelala kando ya ndoano kama nywele imekwama kwenye beseni. Nilikaa nikaangalia ile glasi muda mrefu. Samaki haoni ile nzi ya mezani, anaona ile ya ndani ya glasi. Tangu siku hiyo glasi haiondoki mezani kwangu, na kila kitu kinachoingia, nyoya, sufu, plastiki, nakifunga kwenye ndoano tupu peke yake kwanza, nakitia majini, nakivuta vuta kwa uzi, naangalia mambo matatu: kinaelea ao kinazama, kinacheza ao kinakufa, na rangi yake inageuka kuwa nini.

Ile mifuko kumi na mbili yote ilipita kwa glasi. Mbili tu zilinifaa, yenye kung'aa na yenye sufu ya rangi ya majani. Manyoya ya jogoo yalikuwa yale ya chini yaliyobaki baada ya wengine kuchagua, mashina manene, yanapasuka ukiyazungusha. Uzi haukuwa na namba wala jina.

Kuhusu uzi nieleze kiloko. Wafunga nzi wanapima uzi kwa denye, maana yake gramu ngapi kwa mita 9,000 za uzi. Nzi ndogo wanatumia 70, kubwa 140. Uzi wa kawaida wa charahani uko karibu 240, na umesokotwa, kwa hiyo ukizungusha mara sita tu kichwa cha nzi kinakuwa kama kichwa cha njiti ya kiberiti, tundu la ndoano linazibwa, nailo haipiti. Nilihangaika mpaka nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa nguo Kamalondo, nikaona kwenye ile mashini yake ya kupiga pindo kuko uzi umefura kama pamba. Nikamuuliza, "Papa, huu uzi mbona umevimba hivi?" Akakata mita moja akanipa mkononi. "Mwanangu, huu hausokotwi. Vuta." Nikavuta, ule uvimbe wote ukaisha ukawa utepe mwembamba bapa, na haukukatika. Njo ule natumia mpaka leo kwa nzi kubwa, unalala bapa kwenye ndoano, unajaza haraka, bobini moja kubwa itanimaliza maisha. Kwa nzi ndogo bado naagiza wa 70, hapo sijapata kitu cha soko kinachoushinda na sitadanganya watu.

Manyoya nilienda kuyatafuta kwa mama mmoja anayechinja kuku pale soko ya Kenya, sehemu ya nyuma. Nilifika asubuhi, nikaomba manyoya ya shingo ya jogoo. Akaniangalia. "Papa, ya dawa?" Nikamuambia hapana mama, ya kuvua samaki, nikatoa nzi moja mfukoni nikamuonyesha. Aliishika kwa vidole viwili vyenye damu akaigeuza geuza, akaita wenzake wawili waione. Tangu siku hiyo ananiwekea, shingo mfuko wake, mkia mfuko wake, na kila mwezi namupa franka elfu mbili, tatu.

Kile nimejifunza kwa manyoya yake ni hiki. Jogoo wetu wa kienyeji ana nyoya fupi la shingo, chini kuko utando laini, juu kuko vijinywele vikavu vyenye kung'aa. Zile kavu njo zinaelea, zinasimama juu ya maji kama miguu ya mdudu. Zile za utando zinakunywa maji. Marekani kuko majogoo wanafugwa kwa ajili ya manyoya tu, nyoya moja refu linafunga nzi kadhaa, sisi hapa nyoya moja nzi moja, na wakati mwingine nyoya mbili kwa nzi moja, lakini ni franka elfu mbili na yao unalipa makumi ya dola. Namna ya kuchagua: kunja nyoya kwenye duara, vijinywele visimame, upime na mdomo wa ndoano. Vikiwa mara moja na nusu ya ule uwazi wa ndoano, ni vya ndoano hiyo. Usipopima nzi inalala ubavu.

Nyoya la kuku jike ni laini lote, hilo usipoteze wakati kulifanya lielee, hilo ni la nzi ya kuzama, kwenye glasi linapumua, kweli linapumua, unavuta linafunga unaacha linafunguka. Kanga njo ananifurahisha zaidi, yale madoa meupe kwenye nyoya la kijivu, nafunga tano sita chini ya shingo ya nzi zinakuwa kama miguu ya mdudu wa majini, na kanga Katanga hii siyo kitu cha kutafuta. Bata nilichelewa kumujua. Pale juu ya mkia wake kuko tezi ya mafuta, na kuzunguka ile tezi kuko vinyoya vidogo vya ovyo ovyo, hakuna mutu anavitaka. Uswisi na Ufaransa vinafungwa zamani sana, vinashika hewa. Nilidhani ni ju ya mafuta, nikaviosha vingine kwa sabuni mara tatu nikavikausha, nikavitia glasi, bado vikaelea, na ukiangalia kwa karibu unaona matone ya hewa yameshikamana kila unywele kama shanga. Kwa hiyo ni umbo lake siyo mafuta tu.

Yale manyoya laini kabisa ya mkia, yenye jina la marabu, siku hizi hayatoki kwa korongo marabu, yanatoka kwa dindo, ni kusema bata mzinga. Huku dindo wanachinjwa sana mwisho wa mwaka, njo wakati wa kuchukua.

Sasa mukuba, ni kusema shaba. Ndani ya kit kulikuwa kadi ndogo ya waya wa mukuba, mita chache, na kwenye duka la intaneti kadi kama ile wanaiuza dola tatu na nusu. Tunaishi Lubumbashi! Mji umejengwa juu ya mukuba, ile shimini ya kampuni ya madini ya Gécamines unaiona kila siku, na mimi nalipa mukuba wa kutoka inje. Nilienda kwa bobineri, wale wanaofunga upya mota za umeme, nikaomba mabaki ya waya mwembamba kabisa, wa kwenye transfo za redio. Akanipa furushi zima bila kuchukua pesa, ju ule mwembamba hauna kazi kwake. Nilipima kwa kuzungusha mara kumi kwenye njiti na kupima upana wote kwa rula, milimeta moja na nusu, maana yake kila waya ni 0.15. Safi. Jambo moja tu, nunua kwa fundi unayemjua, usichukue waya wa kukatwa kwenye laini za umeme, ile inaacha mitaa gizani.

Kulikuwa mzee mmoja wa Uingereza, Frank Sawyer, alikuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, yeye aliacha uzi kabisa. Nzi yake inayojulikana zaidi ina vitu viwili tu, nywele za nyoya la mkia wa ndege fezanti na waya mwembamba wa mukuba, waya unashika, waya unapima uzito, waya unaonekana katikati ya nywele kwa mwangaza mwekundu. Miguu hakuweka, ju alikaa akawaangalia wale wadudu wakiogelea akaona miguu wanaibana mwilini. Fezanti hatuna hapa. Nilijaribu nyoya la bawa la jogoo mwekundu, nywele nne kwa ndoano namba 12, nikazisokota pamoja na waya nikazungusha. Mara tatu za kwanza waya ulikatika pale ulipokunjika, ukiona kikunjo usivute, nyoosha kwanza kwa vidole. Ya nne ikatoka. Nikajaza ndoo ya lita 20, nikaangusha nzi ya uzi na nzi ya mukuba pamoja: ya mukuba sekunde mbili iko chini, ya uzi nilihesabu saba. Kwenye bwawa lenye tilapia waliolala chini saa sita ya jua hiyo tofauti njo chakula.

Na kutoka kwa mzee yule yule nilipata akili ya sufu. Alikuwa na nzi ingine ya sufu ya kurekebishia soksi, Chadwick's namba 477, ikiwa kavu ni ya kijivu ya kawaida tu, ikiloa juu ya mukuba inapata wekundu kama nyama. Kampuni ilipoacha kuitengeneza wavuvi walianza kutafuta kadi zilizobaki kwa bei kubwa. Mimi sikutafuta kadi. Nilienda friperi, kwenye nguo za mitumba, na kichupa cha maji mfukoni na kiberiti, nikaomba ruhusa ya kuvuta uzi mmoja mmoja kwenye triko (sweta) za zamani. Kiberiti kwanza, ju sufu ya kweli ikiungua inanuka nywele na inakuwa majivu ya kusagika, ya plastiki inayeyuka inakuwa tone gumu jeusi. Ya kweli inakunywa maji na kuzama, ya plastiki inakataa. Halafu kichupa, naloweka nageuza kwenye jua naangalia rangi. Mama wa friperi alichoka na mimi, akasema, "Papa, nunua yote, utaenda kuchoma kwako." Kati ya triko kumi na saba moja ya kijivu ya mtoto, imetoboka kiwiko, ikaloa ikawa ya waridi ya chini chini. Franka elfu moja. Inatosha nzi elfu.

Meshi za salo, zile nywele za kusuka, watu wanaziogopa ama wanaziweka nyingi kupita. Hazikunywi maji, hilo ni jambo kubwa, nzi kubwa ya 2/0 ya meshi ukiinua kutoka majini inatoa maji yote mara moja unaweza kuitupa tena, ya manyoya ya mbuzi inabaki nzito. Lakini meshi ni ngumu, ukifunga fungu la unene wa penseli inakuwa fagio. Nilipunguza, nikapunguza, mpaka nywele kama ishirini juu na ishirini chini, nikiishika kwenye dirisha naona mwangaza unapita kati, na kwenye glasi inafanana na chisense kabisa, wale samaki wadogo wa ziwa Moero tunakula na bukari. Chukua meshi yenye mawimbi siyo iliyonyooka, mawimbi yanaipa mwili bila kuongeza nywele. Katikati naweka vipande viwili vya karatasi ya ndani ya pakiti ya biskuti, ile yenye kung'aa, imekatwa nyembamba kama unywele. Kule Kasenga nzi ya manyoya manda wa kwanza aliikata mkia wote nikabaki na kichwa. Ya meshi ilikula manda wanne kabla ya kuisha. Mbele ya nzi lazima waya wa chuma, mimi natoa uzi mmoja kwenye kebo ya zamani ya pikipiki.

Kwa gundi ya kichwa tumia verni ya kucha isiyo na rangi, mara mbili nyembamba. Super glu inashika lakini inakuwa nyeupe na ngumu, na ikiingia kwenye tundu la ndoano umemaliza.

Kosa langu kubwa liwe somo lenu: manyoya ya soko yana wadudu. Sikuosha ya kwanza, niliyatia kwenye boksi moja na vitu vyote, mwezi wa pili nikafungua nikakuta unga na mashina matupu, hata ile triko ilikuwa imeanza kuliwa. Niliumia sana. Sasa naosha kwa maji vuguvugu na Omo, naanika kivulini ndani ya chandarua kuku wa jirani wasiyapekue, yakikauka kabisa naweka mifuko ya kufunga, kila aina peke yake, na naftalini moja. Mfuko mupya unakaa wiki tatu mbali na wengine kwanza.

Hesabu: kit na usafiri 43, tupa ya fundi, uzi, manyoya ya mwaka, triko, meshi pakiti mbili, verni, naftalini, yote hayo ya huku hayakufika dola 20. Ndoano usifanye uchumi. Zile za kit zilikuwa hamsini, kila moja niliibana kwenye eto nikaisukuma kwa kidole gumba, tisa zilikunjika zikabaki zimekunjika na mbili zilivunjika. Nunua za kweli, njo pahali pesa inapaswa kwenda. Kwa hiyo eto nyota nne, kishika-bobini tatu, makasi moja, mifuko moja, ndoano moja.

Nimalize na inswa, wale kumbikumbi, ju msimu unakaribia na watu wananiuliza. Mvua za kwanza kubwa, mwezi wa kumi mwisho ao wa kumi na moja, inswa wanatoka ardhini, sisi tunawaokota chini ya taa na beseni, na kwenye bwawa tilapia wanawaokota juu ya maji. Mwili nilikata kwenye babushi (ndala) ya zamani, ile povu haikunywi maji hata ikae wiki, wembe mupya, kipande cha unene wa njiti mbili za kiberiti, nikakifunga kwa uzi katikati kiwe na kiuno. Mabawa nilianza na plastiki ya mfuko, nimekata vizuri mabawa manne marefu sawa, kwenye glasi ilikuwa inswa mwenyewe. Kwenye bwawa ikawa panka, kama feni. Kila nikitupa inazunguka hewani, baada ya kutupa mara sita nailo ilikuwa imejisokota kama kamba ya kisima na ilibidi nikate yote. Usiku nikarudia kwa vinyoya vya bata, viwili tu vimelala nyuma, na nyoya moja la jogoo la kavu mbele.

Kesho yake mvua ilinyesha saa tisa, saa kumi na moja inswa wakaanza kuruka, na maji yakawa yanatoboka kila pahali. Nilikuwa na nzi nne za bata na ile moja ya plastiki. Ya bata ilitua haikuzunguka, ikakaa imeinua kifua, nikahesabu mpaka tatu. Tulirudi na tilapia tisa. Mzee mwenye bwawa, ambaye miaka yote anavua kwa minyoo, aliomba nimuachie moja akaiangalie vizuri, nikamuachia zote nne, na ile ya plastiki nikaikata palepale kwa wembe nirudishe ndoano.